MASOMO YA KAZI YA MAKTABA: NI KARATASI GANI INAMFAA MFANYA KAZI?

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu la Garissa. Wengi waliokuwa zamu siku ile wameiomba, basi tumeipiga chapa nzima. – Mhariri)



Nimeombwa niseme juu ya masomo ya kazi ya maktaba na ya utunzaji wa habari, yaani vyeti, diploma, digrii ya kwanza na hasa digrii ya pili. Najua ya kuwa wengine waliposikia habari hii walinung'unika. Walisema, "Tumekuja kuzungumza juu ya mishahara, na huyu anatuletea mambo ya vitabu." Ndugu zangu, hili nalo ni shauri la mishahara. Mfanya kazi asiye na karatasi hulipwa kwa ajili ya mikono yake tu, hata kama kichwa chake ndicho kinachoendesha ofisi nzima.

Nitawapa mfano. Yuko mwenzetu mmoja, simtaji jina wala mahali anapofanya kazi. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyefungua mlango wa maktaba asubuhi na kuufunga jioni. Anajua kila kitabu kiliko, na anajua mtoto gani amekaa nacho muda mrefu. Wakubwa watatu wametumwa kutoka mbali, kila mmoja na digrii yake, na yeye ndiye aliyewafundisha kazi ya pale. Wote walikaa kidogo wakaenda zao. Nafasi ya ukubwa ilipotokea mara ya nne, akaiomba. Akaambiwa, "Huna cheti." Basi akauza mbuzi, akapeleka fedha kwa chuo alichokiona katika simu. Baada ya miezi miwili akaletewa karatasi yenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Mwajiri akaitazama, akaicheka, akaikataa. Mbuzi wamekwenda na cheo hakupata.

Hapa pana makosa mawili. La kwanza ni la mwajiri, ambaye katika miaka yote ile hakumwonyesha mtu wake njia. La pili ni letu sisi chama, kwa kuwa hatukumwambia mapema karatasi ipi ni ya kweli na ipi ni ya uongo. Leo nataka tuliondoe kosa letu kwanza, kusudi tupate uso wa kumdai mwajiri aliondoe lake.

KAZI HII ILIANZAJE

Kazi ya maktaba haikuwa kazi ya kusomewa tangu mwanzo. Chuo cha kwanza cha kuwafundisha watunza maktaba kilifunguliwa na Melvil Dewey huko New York mwaka 1887. Huyu ndiye aliyetunga, mwaka 1876, ile hesabu ya namba tunayoiona migongoni mwa vitabu mpaka leo. Kabla ya hapo mtu alijifunza kwa kumtazama mwenziwe, kama fundi seremala.

Kwetu Afrika ya Mashariki, shirika la East African Literature Bureau lilianzishwa mwaka 1948, na pamoja na kupiga chapa vitabu lilipeleka vitabu mashambani katika maboksi na kwa posta. Mwaka 1960 Bwana S. W. Hockey wa shirika hilo aliandika taarifa kuonyesha namna kila nchi inavyoweza kuwa na maktaba zake za watu wote. Siku zile aliyetaka cheti cha kazi hii ilimpasa kufanya mtihani wa Library Association ya Uingereza, au kwenda huko huko. Ndipo mwaka 1963 chuo cha East African School of Librarianship kikafunguliwa Makerere, Uganda, nacho kikawa mlango wa kwanza wa kwetu wenyewe. Wakubwa wengi wa maktaba za Kenya na Tanzania walipitia mlango huo.

Hapa Kenya, Bunge lilipitisha sheria ya Kenya National Library Service mwaka 1965, na kazi ikaanza mwaka 1967. Moi University ya Eldoret ilifungua kitivo chake cha habari mwaka 1988. Tangu hapo Mkenya anaweza kusoma kazi hii mpaka udaktari bila kuvuka mpaka.

KWA NINI JAMBO HILI LITUHUSU SISI WA GARISSA

Ndugu zangu, nchi yote yatufahamu kwa ngamia wa vitabu. Mwaka 1996 Kenya National Library Service ilianza hapa Garissa kupeleka vitabu kwa ngamia, na baadaye Wajir nayo ikapata. Ngamia mmoja alibeba maboksi mawili, kila boksi vitabu 200 hivi, yaani vitabu 400 mgongoni. Mwingine alibeba hema, na mwingine mikeka na vyombo. Hema likipigwa chini ya mgunga, watoto walitoka duksi na ubao wao mkononi, wakaketi kusoma. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika habari hizo, na picha zake zimezunguka dunia nzima.

Lakini katika picha zile, mtazameni mtu anayeshika kamba ya ngamia, na mtazameni yule anayeandika majina katika daftari. Hao ni wafanya kazi. Waliijua njia, waliyajua maji yaliko, waliijua lugha ya watu, walijua ni lini manyatta yatahama. Je, ujuzi huo uliandikwa katika cheti gani? Dunia ilimsifu ngamia, wala haikuuliza mshahara wa aliyemwongoza.

Tena tukumbuke miaka yetu ya uchungu. Mwezi wa Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi karibu na Mandera, na wengi wao walikuwa walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu hapa mjini petu, karibu wote wanafunzi. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe. Baada ya mambo hayo walimu na wafanya kazi wengi kutoka sehemu nyingine waliondoka. Hatuwalaumu hata kidogo. Mtu ana haki ya kulinda roho yake, na chama cha wafanya kazi kisichosema hivyo si chama. Lakini tulijifunza jambo moja: sehemu inayotegemea ujuzi wa kuletwa na basi hubaki mikono mitupu siku basi lisipokuja. Ikiwa wenye ujuzi ni watu wa hapa pia, wawe Wasomali, Wapokomo, Wamunyoyaya au yeyote aliyeweka makazi yake hapa, mlango wa maktaba hautafungwa.

Jambo la tatu ni habari na kumbukumbu. Kazi hii haihusu vitabu peke yake. Inahusu majalada ya hospitali, hati za ardhi, daftari za vizazi na vifo, na kumbukumbu za serikali. Ni nani asiyejua taabu ya vijana wetu ambao ni Wakenya halisi, lakini alama za vidole vyao zilionekana katika daftari la wakimbizi wa Dadaab, wakanyimwa kitambulisho miaka na miaka? Wazazi wao waliwaandikisha wakati wa njaa wapate chakula. Daftari moja likamfunga mtu asipate kazi, asifungue akaunti, asisafiri. Na juu ya Wagalla, kule Wajir, mwezi wa Februari 1984: serikali ilisema waliokufa ni 57, lakini Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya mwaka 2013 ilisema waliokufa ni wengi sana kuliko hao. Mahali pasipokuwa na mtunza kumbukumbu mwenye ujuzi na moyo, hata wafu hawahesabiwi sawasawa.

Siku hizi sheria ipo. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwananchi anayeomba habari katika siku 21. Sheria ya kulinda habari za watu ilifuata mwaka 2019. Kaunti haiwezi kutimiza sheria hizo bila watu waliofundishwa kupanga na kutunza majalada. Na Katiba ya mwaka 2010 imeweka maktaba katika kazi za kaunti. Basi kazi zipo hapa, na zitaongezeka.

NGAZI YA MASOMO

Sasa nije kwenye vyeti vyenyewe. Kenya ina utaratibu wa sheria ya mwaka 2014 unaoziweka karatasi zote za elimu katika ngazi kumi. Yafaa mzijue zile za juu, maana ndizo mwajiri anazohesabu. Diploma ni ngazi ya 6. Digrii ya kwanza ni ya 7. Diploma anayoisoma mtu mwenye digrii tayari ni ya 8. Digrii ya pili ni ya 9, na udaktari ni ya 10. Vyeti viko chini ya diploma.

Kwanza, cheti na diploma. Kwa mtu aliye kazini bila karatasi yoyote, mlango ni huu. Diploma kwa kawaida huombwa alama ya C- katika mtihani wa kidato cha nne, na cheti huombwa chini ya hapo. Aliyepata cheti huweza kupanda mpaka diploma, na mwenye diploma huweza kupanda mpaka digrii. Nendeni kwanza North Eastern National Polytechnic, hapa hapa Garissa, mwombe orodha ya masomo ya mwaka huu, kabla hamjapanda gari la Nairobi. Tena serikali ina utaratibu wa kuupima ujuzi ambao mtu ameupata kazini na kuuandikia cheti. Yule mwenzetu wa miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa mlango huo.

Pili, digrii ya kwanza. Huombwa C+, au diploma nzuri. Masomo haya yako Moi University, Kenyatta University, na Technical University of Kenya, ambayo zamani ilikuwa Kenya Polytechnic. Jina la digrii si moja kila mahali: pengine huitwa sayansi ya habari, pengine elimu ya maktaba. Soma masomo yaliyomo ndani, usitazame jina la juu tu.

Tatu, digrii ya pili, ambayo wengi wenu mmeniuliza habari zake. Kwa kawaida ni miaka miwili: mwaka mmoja wa darasa, na mwaka mmoja wa utafiti na kuandika kitabu. Vyuo vingi humtaka mtu awe na digrii ya kwanza ya daraja la pili juu. Aliye na daraja la pili chini hutakiwa aonyeshe miaka ya kazi. Angalieni hapo, ndugu: miaka yenu ya kazi ina thamani mlangoni pa chuo. Hakikisheni mwajiri amewapa barua ya kuishuhudia.

Tena digrii ya pili si moja. Yuko anayesomea maktaba, yuko anayesomea kumbukumbu na hifadhi za maandiko, na yuko anayesomea uchapishaji wa vitabu. Chagua kwa kutazama kazi iliyopo. Anayetaka kuongoza maktaba ya chuo kikuu, achague maktaba. Anayefanya kazi ofisi ya ardhi, mahakama au hospitali, kumbukumbu zitamfaa zaidi. Na kama digrii yako ya kwanza ni ya ualimu au ya biashara, usidhani ya kuwa umefungiwa mlango. Uliza ile diploma ya ngazi ya 8, ambayo humwingiza mtu katika kazi hii bila kuanza upya. Makerere nako mafunzo yanaendelea, na lugha na ada si kigeni kwetu kama Ulaya.

NG'AMBO NA MASOMO YA KWA POSTA

Wengine watauliza habari za ng'ambo. Katika Marekani na Kanada, mtu haajiriwi kuwa mtunza maktaba kamili, mara nyingi, bila digrii ya pili ya chuo kilichokubaliwa na American Library Association. Na anayetaka kazi katika maktaba za shule za serikali huko hutakiwa tena apate hati ya jimbo lake. Uingereza wana chama chao, CILIP, ambacho humpa mtu cheo cha kitaaluma kwa kuonyesha kazi yake na masomo yake pamoja. Hapa Kenya hakuna leseni ya namna hiyo kama ile ya muuguzi au wakili. Kenya Library Association ni chama cha hiari, chenye faida ya kukutana na wenzako na kusikia habari za kazi. Kwa hiyo mtu asikuuzie "leseni ya ukutubi ya Kenya". Hakuna kitu hicho.

Fedha za ng'ambo zipo kwa wachache. Chevening ya Uingereza hulipa mwaka mmoja wa digrii ya pili, lakini hutaka mtu awe amefanya kazi miaka miwili, na akimaliza arudi kwao akae miaka miwili. Zipo nafasi za Commonwealth, na nyingine zake ni za kusoma mtu akiwa nyumbani kwake. Fulbright ni ya Marekani.

Na kwa asiyeweza kuondoka, iko University of South Africa, iliyofundisha kwa posta tangu mwaka 1946 na sasa kwa intaneti. Nasema hili hasa kwa akina mama. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni kilometa 370 hivi, na kutoka Nairobi mpaka Eldoret ni 300 na zaidi. Mama mwenye watoto wadogo hawezi kuambiwa tu, "Nenda Eldoret miaka miwili." Masomo ya mbali na masomo ya wakati wa likizo ndiyo yatakayomfikia. Lakini masomo hayo yataka saa za kusoma, umeme, na intaneti ya kutosha. Mwajiri anayesema anayaruhusu, kisha anampanga mama zamu ya jioni kila siku, hajaruhusu kitu.

TAHADHARI KABLA YA KUTOA SHILINGI

Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza ya kuwa vyeti vya uongo zaidi ya 2,000 vimeonekana katika ofisi za serikali. Wengine walikuwa wajanja, lakini wengine, nadhani, walikuwa watu kama yule mwenzetu. Basi shikeni mambo haya manne.

La kwanza: uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama chuo kinatambuliwa, na kama somo lenyewe limekubaliwa. Chuo chaweza kuwa cha kweli na somo lisiwe limekubaliwa bado.

La pili: ikiwa chuo ni cha nje, uliza kabla ya kuanza namna digrii yake itakavyotambuliwa hapa. Kuuliza baada ya kumaliza ni kufunga zizi baada ya fisi kupita.

La tatu: chuo kinachotoa digrii kwa miezi miwili, bila mtihani wala mwalimu, kimbia.

La nne: usikimbilie digrii ya pili ikiwa kinachokosekana ni cheti. Nimeona watu wanaotamani ngazi ya juu, nao hawajakanyaga ya chini. Tena kuna ujuzi usio na ada kubwa unaomsaidia mtu mara moja. Mfano ni programu ya Koha, iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Haiuzwi, na maktaba nyingi za Kenya huitumia kupanga vitabu vyao. Mtu akiijua vizuri, mwajiri humwona.

TUNALODAI

Nimewaambia ya kwetu. Sasa ya mwajiri. Naomba mkutano huu uiagize halmashauri ya tawi iyatie mambo haya katika mapatano yajayo:

1. Likizo ya masomo yenye mshahara iandikwe katika mapatano, isiwe zawadi ya mkubwa kwa anayempenda.

2. Mkataba wa kurudi kazini baada ya masomo usomwe na chama kabla mwanachama hajatia sahihi. Ni haki mwajiri aliyelipa ada apate miaka ya kazi, lakini miaka hiyo iwe na kiasi, na cheo kipya kianze siku mtu anaporudi.

3. Mfanya kazi wa miaka mingi apimwe ujuzi wake, apewe cheti chake, kabla nafasi haijatangazwa kwa watu wa nje.

4. Zamu za anayesoma zipangwe kwa kutazama mitihani yake, na akina mama wasisahauliwe.

5. Tuombe, pamoja na vyama vingine, mafunzo ya maktaba na kumbukumbu yasomeshwe hapa mjini, kutoka cheti mpaka digrii ya pili. Garissa University ilipata hati yake mwaka 2017. Ngamia aliweza kupeleka kitabu mpaka manyatta. Chuo nacho kiweze kuleta darasa mpaka Garissa.

Na ninyi wanachama mna wajibu wenu. Anayepata elimu kwa nguvu za chama asirudi akawa mkubwa wa kuwabana wenziwe. Arudi amshike mkono yule aliye chini yake, amwambie, "Ngazi iko hapa, kanyaga."

Kabla sijaketi, nirudi kwa yule mwenzetu. Wiki iliyopita nilikwenda kumwona. Nilimwambia juu ya mlango wa kupimwa ujuzi wa kazini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Umri wangu ni hamsini na mmoja. Je, si aibu nikae darasani na watoto?" Nikamjibu, "Mzee, watoto hao wote wewe ndiwe uliyewapa kitabu cha kwanza." Akacheka. Mwezi ujao atapeleka karatasi zake, na Ndugu Katibu amekubali kufuatana naye.

Ikiwa yuko mwingine kama yeye katika mkutano huu, asitoke nje kabla hajaandika jina lake.

Umoja ni nguvu.

(Baada ya hotuba waliandikisha majina wanachama kadha. Mwenye swali juu ya vyuo, ada au mkataba wa masomo na amwone Katibu wa tawi siku ya kazi yoyote baada ya saa kumi alasiri, aje na nakala ya vyeti alivyo navyo na barua yake ya kuajiriwa. Mtu asipeleke fedha kwa chuo chochote kabla ya kutuuliza. – Mhariri)